Dramu za stima ama za kawaida? Angalieni nyumba kwanza

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako manake hii mada inazunguka sana hapa Mombasa siku hizi na naona wanaoisemea ni wauzaji, sisi tunaokaa nyuma ya hizo dramu hatuulizwi kitu. Swali ni lile lile kila mara. Mzazi, ama kamati ya kanisa, ama vijana wamechanga pesa zao waanzishe bendi, wanauliza tununue dramu za stima, zile za pedi zinazopigwa na kusikika kwa hedifoni ama spika, ama zile za kawaida za mapipa na ngozi? Wakienda dukani jibu linategemea mwenye duka amebaki na mzigo gani. Akiwa na za stima atawaambia za kawaida ni mambo ya zamani, akiwa na za kawaida atawaambia za stima ni vidude vya watoto kuchezea, na wote wawili wanasema kwa uso mkavu kabisa.

Mimi napiga dramu. Nimepiga mahotelini kuanzia Nyali mpaka Shanzu, Jumapili napiga kanisani, na katikati ya wiki nafundisha watoto wa watu. Basi wacha niseme langu na anayetaka kubisha abishe. Langu ni kwamba watu wanaanza na swali la mwisho. Kabla ya dramu angalieni nyumba: hiyo seti itakaa wapi, ghorofa ya ngapi, chini anaishi nani, paa ni la nini, stima ya mtaa huo inapotea mara ngapi, na upepo wa bahari unaingilia dirisha lipi. Mkishajibu hayo mtakuta dramu imeshajichagua yenyewe na pengine hata mwenye duka hamkumhitaji.

Chukua huu uongo unaouzwa sana saa hii, kwamba dramu za stima hazina kelele. Kuna mama mmoja anakaa flati ya ghorofa ya tatu huko Bamburi, alimnunulia kijana wake seti ya stima, akaambiwa mtoto atavaa hedifoni na hakuna mtu atakayejua kama kuna dramu humo ndani. Wiki haikuisha keateka, mtunza jengo, akapanda ngazi kuuliza, "Mama, kwani usiku huwa mnatwanga nini huku?" Mama akanipigia simu, "Mwalimu, si waliniambia hii haina sauti?" Nikaenda. Tukamwacha kijana apige, mimi na mama tukashuka kwa jirani, na jirani mwenyewe alikuwa mtu mzuri tu, akatukaribisha tukae. Kule chini hukusikia snea, ile dramu ya mbele yenye nyaya chini, hukusikia simbali, zile sahani za shaba, hukusikia tomu, zile dramu za pembeni, hata moja. Ulisikia dup, dup, dup-dup, inatoka kwenye dari, na vikombe kwenye kabati lake la kioo vinajibu kila dup. Ule mguu.

Sababu yake si uchawi. Pedali ya mguu inarusha nyundo inapiga pedi, pedi imeshikwa na chuma, chuma kimesimama kwenye taili, taili ziko juu ya zege, na hilo zege ndio dari la jirani. Sauti haipiti hewani inapita kwenye jengo, na hedifoni haina habari na jengo. Haihati, zile simbali mbili zinazofungwa na kufunguliwa kwa mguu, nayo ikiwa na pedali yake inafanya vivyo hivyo japo kidogo. Wenye kuuza wanajua lakini nani atakwambia wakati pesa haijatoka mfukoni. Dawa ipo na si ghali: unakata mbao mbili za plaiwudi ukubwa wa seti, katikati unapanga mipira ya tenisi, ile mbao ya chini unaitoboa matundu madogo mipira ikae isikimbie, juu unatandika zulia, seti yote na kiti chake vinapanda hapo. Wapiga dramu duniani kote wanafanya hivyo. Tulimtengenezea yule kijana, fundi wa mbao alimaliza kabla ya magharibi, na ile dup ikashuka sana. Kuisha haikuisha, nisidanganye mtu, lakini vikombe vilinyamaza na keateka hajapanda tena.

Sasa hata na hayo yote, kwa mtu wa flati mimi bado namwambia nunua za stima. Dramu za kawaida mpigaji akizipiga kwa nguvu zake zinapita desibeli 100, hicho ni kipimo cha ukubwa wa sauti, pale alipokaa, na ukuta wa bloku za inchi sita hautoshi hapo. Kanuni za kelele za NEMA, mamlaka ya mazingira, za mwaka 2009 zinasema eneo la makazi usiku isizidi desibeli 35, na usiku kwa hesabu yao unaanza saa mbili jioni, yaani kijana akitoka shule akala akamaliza homuwaki ndio muda wake wa kupiga umeshapita. Halafu tunaishi mitaa yetu tunaijua, kanisa liko hapa msikiti uko pale, adhana ikianza unaweka vijiti chini, hilo halijawahi kuhitaji kanuni. Lakini mtoto wa jirani mwenye homa, mzee aliyetoka shifti ya usiku bandarini anataka kulala mchana, hao wote utawapangia saa ngapi? Za stima zinakutoa kwenye hizo kesi nyingi, sio zote.

Na masikio. Hili wazazi hawaulizi kabisa na ndilo ningetaka waulize mwanzo. Wataalamu wa afya kazini kule Marekani wanasema desibeli 85 mtu anaweza kukaa nayo masaa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu, 88 ni masaa 4, 91 ni masaa 2, ukifika 100 ni robo saa tu. Robo saa ni nyimbo tatu nne za kanisani. Mtoto wa miaka kumi anakaa hapo ibada nzima kila Jumapili na hajaziba masikio, kisha mnashangaa mbona anaongea kwa kupayuka. Viziba masikio vya povu vinapatikana duka la dawa. Na za stima msifikiri zimesalimika, hedifoni ikifunguliwa mwisho inaumiza vile vile, tofauti ni kwamba kuna kitufe cha kupunguza, sasa sijui nani atamsimamia mtoto akipunguze, hiyo ni kazi ya nyumbani kwenu.

Mpaka hapa mtu atasema huyu ni wa stima. Ngoja.

Kufundisha ni jambo jingine. Pedi ya stima chini yake kuna kisahani kidogo cha shaba ukubwa wa sarafu, kimebandikwa kwa sponji, ukipiga pedi kinatikisika kinatoa umeme kiduchu sana, ule umeme unakwenda kwa moduli, na moduli ndio inacheza sauti ya dramu iliyorekodiwa zamani na mtu mwingine mahali pengine. Ni akili sana, siidharau. Lakini moduli ya bei ya chini inachojua ni mambo mawili, umepiga ama hujapiga, na umepiga kwa nguvu kiasi gani. Basi. Chukua snea ya kawaida hata ile kuukuu ya kanisa. Gusa katikati ya ngozi inatoa sauti nene kavu, sogeza kijiti karibu na ringi ile ile snea inaanza kuimba, gonga ngozi na ringi kwa pamoja inalia ka! mpaka watu wa nyuma wanageuka, weka kijiti kikavu kilale ukikiacha kitetemeke chenyewe zile nyaya za chini zinafanya shhh kama unavyotaka wewe. Ngozi ikilegea upande mmoja unasikia, unachukua ufunguo wa dramu unakaza skrubu ya hapa halafu unaenda ya ng'ambo yake, sio ya jirani yake, unarudi, unazunguka hivyo mpaka iwe sawa. Mtoto anayefanya hivyo mwaka mzima anapata sikio. Anayebonyeza kitufe cha "rock kit" anapata kidole.

Nimeletewa kijana aliyejifunza kwa pedi za mpira peke yake, mkono mwepesi, spidi anayo, mambo yote ya YouTube anayajua. Nikamkalisha kwa seti ya kanisa wimbo wa taratibu wa kuabudu, akapiga kama anafukuza mwizi. Hakuwa mkorofi, ni vile maisha yake yote sauti alikuwa anaipunguza kwa kitufe, mkono haujawahi kuambiwa ni kazi yake. Mpira pia unarudisha kijiti haraka kuliko ngozi, kwa hivyo mkono unazoea kusaidiwa. Zile za mwanzo kabisa zilikuwa mbaya zaidi, Simmons wa Uingereza walipotoa zao za pembe sita mwaka 1981 pedi zilikuwa ngumu wapigaji wakalalamika mikono inauma. Mambo yalibadilika 1997 pale Roland wa Japani walipotoa V-Drums zenye ngozi ya wavu waliyotengeneza pamoja na Remo, kampuni ya ngozi za dramu, na tangu hapo ukisikia pedi za meshi ndio hizo na ndugu zake. Kwa hivyo kama ni za stima, jamani, jikazeni mpate za meshi, hasa snea. Za mpira mziache dukani ziuzwe kwa mwingine.

Ninachowaambia wazazi wangu mimi ni hivi, nyumbani za stima kama pesa ipo, na angalau mara moja kwa wiki mtoto akalie za kawaida, kanisani, shuleni, kwa ukumbi wa mtaa, popote. Na pesa kama haipo msikope. Kata mpira wa tyubu ya lori, ubandike juu ya kipande cha mbao, mpe mtoto vijiti viwili na simu yenye programu ya metronomu, ile ya kuhesabu mapigo, mwezi wa kwanza yote ya mkono wa snea atayapata hapo na jirani hatajua lolote.

Kanisani sasa. Hapa ndio nina ugomvi na kamati za ununuzi, Mungu anisamehe. Kamati inalalamikiwa dramu zina kelele, inakaa kikao, inaamua kuuza za kawaida na kununua za stima, na bajeti inaishia hapo. Jumapili ya kwanza seti mpya inachomekwa kwenye ile spika moja ya zamani ya kuhubiria. Spika ya kuhubiria imetengenezwa kwa sauti ya mtu. Kiki, ile dramu kubwa ya mguu, inatoka pale kama mtu anagonga meza, simbali zinatoka kama mafuta yanakaangika, na mpigaji mwenyewe hajisikii manake hakuna aliyemwekea spika yake ya pembeni, basi anapiga kwa nguvu zaidi, na mtu wa mikisa, ile mashine ya kupanga sauti, anafungua zaidi, na mwisho kelele ni ile ile isipokuwa sasa ni mbaya. Ukinunua dramu za stima za kutumia ukumbini umenunua nusu ya kitu. Nusu nyingine ni sabufa, ile spika ya sauti nzito, spika za maana, spika ya mpigaji na mtu anayejua kushika mikisa. Jumlisha hiyo ndio uulize bei.

Wakati kanisa la watu mia mbili hivi dramu za kawaida hazihitaji hata maiki moja. Tatizo lake ni paa la mabati na taili na kuta tupu, sauti inatoka inapiga bati inarudi inapiga taili, kila pigo unalisikia zaidi ya mara moja. Kabla hamjauza jaribuni haya: mazulia chini na nyuma ya mpigaji, blanketi ndani ya kiki, kipande cha teipu ama hata waleti juu ya snea, na vijiti vile vya fimbo nyembamba zilizofungwa pamoja badala ya vijiti vizito. Mkinunua nunueni ndogo, kiki ya inchi 18 ama 20 inatosha, sijui ni nani aliyewaambia makanisa yetu lazima 22. Na mpigaji afundishwe kupiga kwa upole, hilo ni bure.

Halafu kuna stima yenyewe. Hatuwezi kuizungumza Mombasa hii tukaruka hapo. Ikipotea katikati ya sifa gitaa linakufa, kinanda kinakufa, maiki zinakufa, ila watu wana makoo na dramu za kawaida haziulizi kitu, ibada inaendelea na mara nyingine inakolea zaidi. Seti ya stima inakufa pamoja na wenzake. Agosti ya 2023 nchi nzima iliingia giza Ijumaa usiku, mkumbuke, na kuna mahali mwanga haukurudi mpaka siku ya pili. Na hatari zaidi ni pale inaporudi, inarudi na msukumo, adapta inaungua, ukiwa na bahati mbaya na moduli inaungua nayo. Stima ikipotea chomoa waya ukutani hapo hapo, usingoje, na wekeni kidude cha kulinda umeme hata kama mtaani kwenu stima ni nzuri.

Chumvi nayo haichagui. Zamani dramu zote za Ulaya na Marekani ziliwambwa ngozi ya ndama, na ngozi hewa ikiwa na unyevu inalegea, wazee wetu hilo hawakuhitaji kufundishwa, ngoma inaota moto kwanza ndio ipigwe. Ngozi za plastiki zilianza kuuzwa 1957, Remo Belli wa kule California akiwa mmoja wa walioanzisha, na mtu wa pwani anafaa awe na shukrani zaidi kuliko mtu yeyote manake unyevu wa hapa ungetuua. Lakini plastiki imesaidia ngozi tu. Vyuma vyetu vinaliwa. Seti inayokaa Ganjoni ama Likoni karibu na maji, skrubu zake usipozigusa miezi mingapi sijui ile ufunguo inazunguka na chuma hakizunguki. Mafuta ya cherehani, tone moja kila skrubu, na leso kuukuu juu ya seti kila ukimaliza. Simbali nzuri ni shaba na bati, asilimia 80 kwa 20, zinageuka rangi lakini hazili kutu kama chuma, hizo msizisugue na mchanga jamani nimeshaona mtu akisugua.

Watu wanadhani za stima zimepona kwa vile hazina vyuma vingi. Fungua ile jeki pale waya unapoingia kwenye pedi, seti iliyokaa mwaka mmoja dirishani Nyali, utaona ukijani ndani. Ndio unasikia mtu analalamika tomu ya pili inakata-kata, inalia inanyamaza, amebadilisha moduli, ameandika kwa kampuni, na shida ni jeki chafu tu ambayo angeisafisha kwa spirit na pamba. Lakini hapa kuna tofauti kubwa ambayo mnunuzi aijue. Stendi ya dramu ya kawaida ikivunjika fundi wa kuchomelea yuko kila kona. Ngozi ikipasuka unabadilisha ngozi. Pipa la mbao linaweza kukaa miaka arobaini. Moduli ikifa, seti nzima imekuwa rafu ya kuanikia nguo, na spea yake inatoka ng'ambo kama bado inatengenezwa, na mara nyingi haitengenezwi tena.

Wa mahotelini sina maneno mengi kwao wanajijua. Meneja anataka wageni wasikilizane mezani, seti ya stima inakunjwa inaingia buti ya gari, mnafika mnachomeka mnapiga. Aliyewahi kusukuma kiki na begi la vyuma kwa mkokoteni kuteremka ule mteremko wa feri Likoni huku watu wanakimbilia mlango hatabishana nami. Wanaorekodi pia, chumba cha kurekodi dramu za kawaida kinataka maiki nane na kuta zilizotengenezwa, wakati ya stima unaingiza waya wa USB kwenye laptopu, mpige kwa chumba cha kulala saa nane za usiku kama mnataka, mradi chini yenu hakai mtu. Hapo mimi sibishi.

Kitu kimoja tu kinaniuma na hizi za stima na ningependa vijana wetu wakichukue. Unafungua moduli, ndani kuna seti za roki, jazi, hipohopu, kuna mpaka tabla za Wahindi, lakini ngoma zetu hamna, vumi hamna, chapuo hamna, msondo hamna. Mtu wa Mombasa anapiga chakacha harusini na sauti zote alizonazo ni za watu wengine. Ila moduli nyingi za siku hizi zinakubali uingize sauti yako mwenyewe kwa kadi ama kwa USB. Nendeni kwa wazee wenye ngoma, waombeni kwa adabu, mpeleke na kitu mkononi, mrekodi vumi moja moja, pigo la katikati, pigo la ukingoni, pigo la kuziba na mkono, halafu muingize. Hapo mkiniambia dramu za stima zina kitu ambacho za kawaida hazina nitavua kofia. Mpaka leo vijana wanaonunua moduli za bei ya juu wanazitumia kuiga bendi za ng'ambo, sasa hiyo sauti ya ng'ambo si mngeisikiliza kwa redio tu.

Kuna na njia ya katikati ambayo madukani hawaitaji. Unachukua seti ya kawaida, unatoa ngozi za plastiki unaweka ngozi za meshi, na juu unaweka simbali zile zenye matundu madogo mengi zilizotengenezwa zisilie sana. Zildjian wanazo, na hao simbali wanazifua tangu 1623 walipoanzia Istanbul, hawabahatishi. Unabaki na ukubwa wa kawaida, pedali ya kawaida, mikono inasoma vizuri, na sauti inashuka mpaka mnaweza kuongea chumbani. Ile kiki bado ivalishwe mbao na mipira kama ni ghorofani. Siku ya kwenda kupiga nje unarudisha ngozi zako. Kwa nyumba ya chini, ya Swahili, ukuta umeshikana na wa jirani, mimi naona hii ndio bora kuliko zote mbili, hasa kama seti ya kawaida mnayo tayari imekaa storini.

La mwisho ni mitumba, manake najua wengi wetu ndiko tutakakonunua. Seti ya kawaida iliyotumika, toa ngozi zote za juu uchungulie ndani ya pipa: mbao ziwe zimeshikana, pasiwe na ufa wala ukungu mweusi, na pipa uliviringishe sakafuni, likiyumba si duara tena na sauti yake haitakaa sawa milele. Skrubu zote zizunguke kwa ufunguo, hata moja ikigoma punguza bei. Simbali pitisha kidole ukingoni ukitafuta ufa, hata wa milimita chache, ufa hauponi. Ya stima usiinunue kwa picha wala kwa taa kuwaka. Vaa hedifoni yako mwenyewe uliyotoka nayo nyumbani, piga kila pedi polepole sana uone kama inasikia, halafu kwa nguvu uone kama pedi ya jirani inalia bila kupigwa, tikisa kila jeki ukiwa unapiga, fungua na ufunge haihati taratibu usikie kama inapita katikati ama inaruka, na adapta iwe ile yake, sio ya kuazima. Nusu saa hivi. Muuzaji akikwambia hapa hakuna stima saa hii ila inafanya kazi vizuri, mwambie utarudi stima ikirudi, na pesa uondoke nazo.

Mpiga dramu,
Mikindani, Mombasa.